Kiboko kiliondolewa shuleni, mshauri hakupewa nafasi

KILA mara wanafunzi wa shule za upili wanapozua fujo au bweni linapoteketea, wito wa kurejesha kiboko husikika upya. Mwaka wa 2021, visa vya kuchoma mabweni vilipokithiri, aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Prof George Magoha, alikuwa miongoni mwa waliounga mkono wito huo. Wazazi wengi walikubaliana naye, wakikumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.

Wito huo umejengwa juu ya dhana kwamba nidhamu iliporomoka baada ya adhabu ya viboko kupigwa marufuku mnamo 2001, Bw Kalonzo Musyoka akiwa waziri. Historia haikubaliani na dhana hiyo. Msiba wa shule ya St Kizito, Meru, ambapo wasichana 19 walifariki baada ya wavulana wa shule yao kuwavamia usiku, ulitokea Julai 1991. Viranja wanne wa shule ya Nyeri High walichomwa na wanafunzi wenzao wakiwa wamelala mnamo 1999. Maovu hayo yote yalitendeka kiboko kikiwa halali, tena kikitumiwa kwa wingi.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba hata wakati huo sheria haikumpa kila mwalimu ruhusa ya kuchapa. Kanuni za 1972 zilitaka kosa lichunguzwe kwanza, adhabu itolewe mbele ya shahidi wala si mbele ya wanafunzi wengine, viboko visizidi sita, kisha kumbukumbu iandikwe. Waliosoma miaka hiyo ndio wanaojua ni mara ngapi waliiona kumbukumbu hiyo ikiandikwa. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya 1999 ilionyesha jinsi kanuni hizo zilivyopuuzwa.

Leo Katiba ya 2010 inakataza adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamwekea anayemtesa mwanafunzi, kimwili au kisaikolojia, faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Basi tatizo liko wapi? Liko katika kile kilichotarajiwa kuchukua mahali pa kiboko. Mwaka huo huo wa 2001, ambapo wavulana 67 waliangamia katika moto wa bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, jopokazi la Wangai lilichunguza utovu wa nidhamu na kusisitiza ushauri nasaha shuleni. Pendekezo lilikuwa jema. Utekelezaji wake ndio uliolegea.

Katika shule nyingi, mshauri ni mwalimu wa somo aliyeongezewa jukumu. Ana vipindi vyake vya Kemia au Historia, ana madaftari ya kusahihisha, na mazungumzo na mwanafunzi huachiwa dakika za mapumziko. Pengine hana chumba, hivyo mtoto hulazimika kueleza masaibu yake katika ofisi ya walimu, wengine wakisikiliza. Ubaya zaidi ni pale mwalimu huyo anapokuwa pia mwanachama wa kamati ya nidhamu. Ni mwanafunzi gani atakayemfungulia moyo kuhusu bangi mtu ambaye kesho yake ataketi kuamua kama atafukuzwa?

Mshauri anapokosa nafasi, shule hutumia njia ya mkato: mwanafunzi hutumwa nyumbani akamlete mzazi. Mzazi anayeishi kwa kibarua hupoteza ujira wa siku, husikiliza mashtaka kwa nusu saa, kisha hurudi na mtoto asiyejua la kumfanyia.

Chukua mfano wa mvulana wa kutwa anayesinzia darasani kila asubuhi. Kiboko kitamwamsha. Lakini kinachomfanya asinzie, iwe ni kukamua ng'ombe alfajiri, kumwuguza mama usiku au simu anayoitazama hadi saa nane za usiku, kitajulikana tu akiulizwa na mtu anayemwamini, na kila mojawapo ya sababu hizo ina tiba yake. Kumwuliza huchukua muda, na muda huo haupatikani mwalimu akiwa na vipindi mfululizo tangu asubuhi hadi jioni.