Kifaru Amekwisha: Vijana Wanadai Nini?



Zamani kifaru mweupe wa kaskazini, katika Uganda nzima, asili yake ilikuwa magharibi ya Mto Nile tu, yaani huku kwetu West Nile. Kwa ajili yake yalitengwa mapori ya Ajai na Mlima Kei. Majangili walimwinda kwa sababu ya pembe, na baada ya vita vya 1979 bunduki zilizagaa. Kufikia 1983 vifaru walikuwa wamekwisha nchini. Mwaka 2018 dume la mwisho duniani lilikufa Kenya, wakabaki majike wawili tu.

Kurudisha kilichopotea ni kazi ngumu. Mwaka 2005 vifaru wanne waliletwa Ziwa, Nakasongola, kutoka Kenya, nao ni wa aina ya kusini. Yule wa kwetu hanunuliki popote.

Ndiyo maana vijana wengi wa hifadhi leo husema: pori halilindwi kwa bunduki peke yake. Jirani anayeliwa mazao yake na wanyama bila kupata kitu, kwa nini amfichue jangili? Sheria inawapa majirani asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi. Lakini pasipo na wageni, asilimia 20 ya kidogo ni kidogo zaidi. Hivyo vijana wanadai wenyeji waajiriwe na washirikishwe katika maamuzi.

Ndugu, madai hayo tunayajua. Askari wa pori naye ni mfanyakazi, na jirani wa pori naye ana haki yake.