Binti ana HKL, anataka uigizaji: Mama wa Mgori aniuliza afanye nini

Singida. Nilikwenda Mgori kuandika habari za kliniki ya watoto, nikarudi na swali lisilohusu kliniki.

Mama mmoja, mkulima wa alizeti, alinisogezea kigoda. “Mwanangu, wewe umesoma chuo kikuu. Hivi kweli mtu anakwenda chuo kusomea kuigiza?”

Binti yake amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL. Baba anataka asome ualimu. Binti anataka jukwaa. Siku hizi baba na binti wanasalimiana tu, basi. Mama anawaza magunia ya alizeti: “Nikiyauza yote halafu arudi hana kazi, baba yake nitamwambia nini?”

Nilimsimulia habari za Lupita Nyong’o. Akiwa na miaka 14 aliigiza kama Juliet na kundi la Phoenix Players la Nairobi. Hakuacha shule. Alikwenda Hampshire College, Marekani, chuo ambacho mwanafunzi hafungwi na fani moja, akasoma filamu na maigizo. Huko alitengeneza filamu ya In My Genes, inayohusu maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya. Mwaka 2009 aliigiza katika Shuga, tamthilia ya vijana na Virusi vya Ukimwi. Shahada ya uzamili ya uigizaji aliipata Yale mwaka 2012, na tuzo ya Oscar ikaja 2014.

Najua mtasema baba yake ni profesa na mwanasiasa, hakulima alizeti. Ni kweli. Mama naye alisema hivyohivyo.

Basi tuje nyumbani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho tangu 1967. Profesa Amandina Lihamba amefundisha pale miaka mingi, na ndiye aliyeigiza kama mgonjwa wa hospitali ya akili katika filamu ya Maangamizi. Yeye na Profesa Penina Mlama walianzisha Tuseme mwaka 1996, mpango unaowawezesha wasichana wa sekondari kutumia maigizo kueleza yanayowakwamisha masomoni. Hapo mama aliinua kichwa. “Kumbe nao ni walimu?”

Ndiyo maana nadhani ugomvi wa nyumba ile umewekwa vibaya. Si ualimu au jukwaa. Cha kumuuliza binti ni atasoma nini kingine pamoja na uigizaji: uandishi wa michezo, lugha, utayarishaji wa filamu, maigizo kwa ajili ya jamii? Mwenye shahada ya namna hiyo ana milango zaidi ya mmoja. Anayetaka njia fupi, TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, inatoa cheti na diploma.

Kuhusu fedha, soma mwongozo wa Bodi ya Mikopo wa mwaka huo kabla ya kuuza hata gunia moja. Usidhani kila kozi hupewa uzito sawa.

Na kwa kuwa mimi ni mwandishi wa afya, niongeze hili. Mazoezi ya maigizo mara nyingi huwa jioni, baada ya vipindi. Uliza binti atalala wapi na atarudije usiku. Bweni la chuoni likipatikana, lichukueni. Mwambie pia asilazimishe sauti ikikauka, anywe maji, apumzike. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, amuone daktari.

Nilipokuwa naaga, mama alishamwita binti amsomee sifa za kujiunga kwenye simu. Alimsimamisha kila mstari, akitaka arudie. Baba alikuwa bado shambani.