Ramani katika Utafiti wa Kinga ya Saratani: Funzo la Burkitt

Mwaka 1961, daktari mpasuaji Denis Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, wakiulizia hospitalini uvimbe wa taya kwa watoto. Ramani ilibainisha kuwa ugonjwa huo ulikuwa haba katika nyanda za baridi na maeneo makavu, ukakithiri penye joto na mvua, mazingira ya mbu wa malaria. Ramani haikuthibitisha chanzo. Ilielekeza mahali pa kukitafuta. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa katika seli za uvimbe huo.

Kwa hiyo, rejista za saratani hazina budi kuandika makazi ya mgonjwa, si hospitali alikotibiwa pekee. La sivyo, ramani itaonyesha zilipo hospitali, si ulipo ugonjwa.