Una Pijo 504 ya mzee ocha? Soma hii kabla hujang'oa injini

Msee wa Marekani akirithi Mustang ya zamani, swali lake huwa moja tu: niweke V8 gani? Huku Kitale na Bungoma, ndinga ya heshima ya wazee wetu ilikuwa Pijo 504. Ilishinda Safari Rally 1975, ikarudia 1978, na ilikuwa inaunganishwa hapa hapa Kenya. Leo ya mzee wako iko chini ya mwembe, kuku wanataga kwa kiti cha nyuma.

Sasa umepata doo kidogo na fundi anakuambia, "Weka ya Toyota, hutajuta." Tulia kwanza. Wengi hukula hasara kwa sababu wanaanza na injini. Injini ndio kitu cha mwisho kuchagua. Anza na vitu vinavyoizunguka.

1. Hakikisha imekufa kweli

Mwambie fundi apime kompresheni ya kila silinda. Ni kazi ya muda mfupi. Injini za petroli za 504, ile ya 1.8 na ya 2.0, zina slivu zinazochomoka. Unatoa za zamani na pistoni zake, unaweka seti mpya, bila kupeleka bloku kwa mashine ikakatwe. Hedi ni ya aluminiamu, so kama gari ilichemka sana, ipimwe kama imejipinda. Ukipata seti ya slivu, hapo ushaokoa chapaa mob.

2. Ya Probox haitakufaa

Ni rahisi kupata, lakini 1NZ ya Probox imelala kwa upana na inavuta magurudumu ya mbele. Pijo injini yake imekaa kwa urefu na inasukuma ya nyuma. Unataka injini iliyotoka kwa Hiace au Hilux. Za dizeli ni 2L yenye cc 2,446, 3L yenye cc 2,779 na 5L yenye cc 2,986. Hizi zimebeba matatu miaka na miaka, so hutakosa fundi anayezijua wala spea.

3. Giaboksi ndio itakumaliza

Hapa ndio wasee huchoma. Kwa gari nyingi propela iko wazi, unaikata na kuichomelea upya. Kwa 504 imefichwa ndani ya bomba lililofungwa kuanzia giaboksi mpaka difu. Ukibadilisha giaboksi, hilo bomba halina pa kushika. Kwa hivyo, ama utengenezewe sahani ya kuunganisha injini mpya na giaboksi ya Pijo, ama ubadilishe giaboksi, propela na ekseli ya nyuma zote. Muulize fundi atafuata njia gani kabla hujatuma pesa Grogan. Akianza kubabaika, tafuta mwingine.

4. Mlima unakula nguvu

Bungoma iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, Kitale karibu 1,900. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Ukifika Kitale na magunia ya mahindi, karibu moja ya tano imeenda na upepo. Ndio maana watu hupenda 1KZ-TE yenye tabo. Lakini hiyo inaendeshwa na kompyuta. Ikikuja bila kompyuta yake na waya zote, umenunua chuma tu.

5. Breki, buda

Dizeli ni nzito kuliko petroli ya Pijo, so springi za mbele zitalala na breki zitafanya kazi zaidi. Halafu kuna hii watu husahau: sevo ya breki hutegemea mvuto wa hewa kutoka kwa injini ya petroli. Dizeli haina huo mvuto. Inatumia pampu ndogo, na kwa hizi za Toyota huwa nyuma ya altaneta. Ukiuziwa injini na altaneta ya gari ingine, utateremka kutoka Kitale ukielekea Webuye na pedali ngumu kama jiwe.

6. Logbook

Namba ya injini iko kwa logbook. Ukibadilisha injini, ijulishe NTSA na gari ikaguliwe. Chukua risiti yenye namba ya injini na karatasi za kuingizwa nchini. Bila hizo, unaweza kuwa unaendesha injini ya wizi bila kujua, na siku ya ajali bima ikupige chenga.

So unachagua gani?

Kama kompresheni iko sawa ama slivu zinapatikana, baki na injini ya mzee. Kama gari ni ya kubeba mzigo na fundi ana jibu la giaboksi, chukua 3L au 5L. Kama doo inatosha injini pekee, wacha Pijo ikae chini ya mwembe kwanza. Heri kuku watage mwaka mwingine kuliko gari ikwame kwa gereji, imekatwa katikati, na fundi hashiki simu.