Kutoka Ruiru hadi Thika na kurudi: dakika 17 zilizonifunza triathloni

Nimezaliwa na kulelewa Likoni, lakini kuogelea nimejifunzia Ruiru. Ukisikia hivyo utacheka. Kocha wangu naye alicheka siku ya kwanza aliponiona nimeng'ang'ania ukingo wa bwawa kama abiria aliyening'inia kwenye mlango wa matatu. "Mwalimu, si wewe ni mtu wa pwani?" Nikamjibu kwamba wengi wetu pwani tunajua kuyatazama maji tu.

Sababu yangu ina tarehe. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Nilikuwa na miaka saba. Wiki ile mtaani kwetu ukitoka matanga haya unaingia matanga yale, na tangu hapo Mama alitupiga marufuku kuingia maji yanayopita kifundo cha mguu. Kaka zangu walikwenda kuogelea kwa siri. Mimi mtoto wa kike nilitii. Nikakua nikivuka kwa feri kwenda shule na kurudi, na kila nikipanda macho yangu yanatafuta kwanza jaketi za kuokolea ziko wapi.

Sasa nafundisha hisabati Ruiru, kaunti ya Kiambu. Miaka mitatu iliyopita mwalimu mwenzangu alinivuta bwawani Jumamosi moja, na yaliyofuata yalikuja yenyewe: kuogelea, kisha baiskeli ya mtumba, kisha triathloni fupi. Novemba iliyopita nikajaribu triathloni ya masafa marefu zaidi. Nataka kueleza ilivyo, kwa sababu kila nikirudi nyumbani naulizwa, na kwa sababu nadhani mchezo huu una jambo la kutuambia sisi wa pwani.

Masafa ni yapi?

Triathloni ni michezo mitatu ndani ya shindano moja: unaogelea, unapanda baiskeli, unakimbia. Hakuna mapumziko. Saa inaendelea kuhesabu hata unapofunga kamba za viatu. Mchezo ulianzia San Diego, Marekani, mwaka 1974, ukaingia Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney.

Wanaoanza hufanya sprinti: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Ngazi inayofuata ni ile ya Olimpiki, na kila kitu ni mara mbili: kilomita 1.5, 40 na 10. Juu yake iko nusu ya Ironman, yaani kilomita 1.9, 90 na 21.1, na mwisho Ironman yenyewe, kilomita 3.8, 180 na 42.2. Huko sijafika na sina haraka.

Sprinti yangu nilimaliza kwa saa 1 na dakika 55. Nikapiga hesabu ya darasani: mara mbili yake ni saa 3 na dakika 50. Siku ilipofika nilimaliza kwa saa 4 na dakika 7. Makala hii ni ya zile dakika 17 ambazo hesabu yangu haikuziona.

Kuvuka Likoni mara tatu

Shindano letu halikuwa na wadhamini wala medali. Tulikuwa watu 14, na nyuma yetu gari moja la rafiki likibeba maji na tairi za akiba. Tulianza Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi katika bwawa la mita 25 hapo Ruiru.

Kilomita 1.5 ni kuvuka bwawa hilo mara 60. Kwa mtu wa Mombasa nitalieleza hivi: mlango wa Likoni una upana wa kama nusu kilomita, kwa hivyo ni sawa na kuuvuka mara tatu. (Tafadhali usiende kuujaribu. Pale pana meli na mkondo mkali.)

Mtu anayejua kuelea hufikiri kuogelea mbali kunahitaji mikono yenye nguvu. Kwanza kunahitaji pumzi. Anayeogopa maji hubana pumzi, kifua kinajaa hewa chafu, na baada ya mita 50 anahema kama amepanda ngazi za ghorofa kumi. Kocha alinifanya niimbe chini ya maji, viputo vitoke mfululizo, ili nikigeuza uso niwe na kazi moja tu ya kuvuta hewa. Jambo la pili ni kichwa. Ukikiinua ili uone mbele, miguu inazama, na unakuwa unavuta mzigo. Ukiangalia chini, mwili unalala juu ya maji.

Na maji ya bwawa hayakubebi kama ya bahari. Chumvi inakuinua, maji baridi hayakuinui hivyo. Hapa pia tuko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mtu aliyezoea Mombasa anachoka mapema.

Katika mzunguko wa 22 hofu ya zamani ilinijia. Sijui ilitoka wapi. Nililala chali, nikahesabu hadi ishirini, nikaendelea. Hilo nalo linafundishwa, na nadhani lingetangulia kabla ya mitindo yote: ukishindwa, geuka uangalie juu, upumue. Nilitoka baada ya dakika 47, nikiwa wa mwisho lakini mmoja. Nikavaa shati juu ya vazi langu la kuogelea, lile la mikono mirefu na mtandio wake, nikavaa helmeti juu ya mtandio, nikaondoka. Dakika tano zimekwenda.

Thika siyo mwisho

Kutoka Ruiru hadi Thika ni kama kilomita 20, kwa hivyo kwenda tu ni sprinti. Kwenda na kurudi ni Olimpiki. Sikuona ramani bora ya kueleza tofauti ya masafa haya mawili, na bado nilikosea.

Thika Road ilifunguliwa mwaka 2012 na ina njia nyingi, lakini haikujengwa kwa ajili yetu wenye baiskeli. Tulishika ukingo wa kushoto na barabara za pembeni pale zilipokuwepo, taa nyekundu nyuma, jaketi zinazong'aa. Hatari kubwa ni stejini. Matatu inakupita kwa kasi halafu inakata mbele yako kuchukua abiria, kwa hivyo unajifunza kusoma makanga: akianza kufungua mlango, shika breki.

Nilipita Juja nikiwa na furaha. Barabara inateremka Mto Ndarugu halafu inapanda, nikaipanda kwa gia nzito nikiwa nimesimama juu ya pedali, kama nilivyofanya mwaka uliotangulia. Nilifika Thika kwa dakika 46. Mwenzangu alisimama kula ndizi. Nikampita nikijisifu.

Sasa sikiliza kilichokuwa kikitokea ndani. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye misuli na kwenye ini. Ukifanya kazi kwa bidii, akiba hiyo hutosha kama saa moja na nusu hadi mbili. Sprinti inaishia hapo hapo, kwa hivyo unaweza kuimaliza bila kula kitu na usijue umebahatika. Mimi nilipogeuka Thika nilikuwa nimeshatumia saa 1 na dakika 38.

Kwenye Ndarugu, safari hii nikirudi, miguu ikakataa. Haikuuma, ilikuwa tu haina kitu ndani. Jasho likawa baridi, macho yakaanza kuona ukungu, nikashuka nikasukuma baiskeli kama mchuuzi wa maji. Mfukoni nilikuwa na tende alizonitumia Mama, sijagusa hata moja. Nikala huku nasukuma, nikanywa maji yenye chumvi kidogo na sukari. Dawa ya namna hiyo haifanyi kazi papo hapo, tumbo linahitaji robo saa au zaidi. Kurudi kulinichukua dakika 61.

Chukua hesabu: kwenda 46, kurudi 61. Dakika 15 kati ya zile 17 zilipotea pale. Kanuni ambayo wenye uzoefu wanaifuata ni kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kuanzia mapema, kabla njaa haijasema. Ndizi moja ya kawaida ina kama gramu 25. Tende, ndizi, uji, kashata: chakula cha triathloni kimejaa majikoni kwetu, hakihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo.

Miguu ya mtu mwingine

Ukishuka kwenye baiskeli ukaanza kukimbia, miguu inakuwa kama si yako. Misuli imezoea kuzunguka, sasa unaiambia ipige hatua. Ndiyo maana tunafanya mazoezi ya kuunganisha: kila Jumamosi, ukimaliza baiskeli, kimbia hata dakika kumi tu. Baada ya kilomita moja au mbili miguu hurudi kwa mwenyewe.

Kilomita 10 za mwisho nilizikimbia katika mitaa ya Ruiru kwa mpango: dakika tisa kukimbia, moja kutembea. Wamama waliokuwa wakielekea kanisani waliniuliza nani ananifukuza. Saa 1 na dakika 24 baadaye nilimaliza. Nilikaa chini kwenye changarawe nikalia kidogo, kisha nikala chapati mbili.

Kwa nini nawaandikia pwani

Nimelipa pesa ili nijifunze, mbali na bahari, kitu ambacho kwetu kiko bure mlangoni. Watoto wetu wanavuka maji kila siku, na wengi, hasa wasichana, hawawezi kujiokoa hata kwa mita kumi. Tunasema ni heshima, au ni hofu. Kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri kutoka kichwani hadi miguuni. Heshima haikuzama.

Sisemi kila mtu afanye triathloni. Sisemi pia kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wote wa Mtongwe. Chombo kilichojazwa kupita kiasi ni kosa la namna nyingine. Ninachosema ni kwamba kulala chali na kupumua kunafundishika kwa wiki chache, na shule na madrasa zilizo karibu na fuo zenye maji tulivu zinaweza kulianza jambo hilo na mtu mmoja anayejua.

Desemba nilirudi Likoni. Nilimpeleka Mama ufuoni Shelly maji yakiwa yametulia, nikaogelea sambamba na ufuo, kwenda na kurudi. Alisimama muda wote, kandambili mkononi, akiniita nirudi nimekwenda mbali. Nilipotoka hakusema neno, akanipa leso nijifute. Jioni, tukila, akamnyooshea kidole binti wa kaka yangu mwenye miaka saba.

"Kesho mchukue na huyu."