Joto la Februari na ukuta wa magharibi

Mpangaji mgeni kutoka ng'ambo akihamia Kileleshwa mwezi wa Februari, huanza kwa kuuliza kiyoyozi kiko wapi. Msimamizi wa ploti humwonyesha dirisha.

Jibu hilo si dharau. Nairobi imekaa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hata katika Februari na Machi, miezi yake ya joto, alasiri ya nyuzi 28 hufuatwa na alfajiri ya nyuzi 14 au 15. Mombasa haina bahati hiyo. Usiku wake hubaki karibu na nyuzi 24. Mkazi wa Nairobi basi huletewa ubaridi wa bure kila usiku, naye huufungia nje kwa kuogopa mbu na wezi. Ifikapo saa saba mchana hufungua madirisha yote, saa ambayo hewa ya nje ina joto kuliko ya ndani. Nyumba ya mawe hutaka kinyume chake: ifunguliwe jioni hadi asubuhi, nyuma ya wavu na vyuma, kisha ifungwe jua likipamba moto.

Kuna pia suala la upande. Jiji liko nyuzi moja na kitu kusini mwa ikweta, na katikati ya Machi jua la adhuhuri husimama utosini. Kuta za kaskazini na kusini huponea hapo. Ule wa magharibi ndio huumia, kwa kuwa jua la saa kumi huja kwa mshazari na kupenya chini ya kibaraza chochote. Jiwe hulinywa joto hilo polepole, likalitema saa kadhaa baadaye. Ndiyo maana chumba cha kulala cha magharibi huchemka saa tatu usiku, mwenyewe akishangaa jua lilishazama. Pazia halisaidii sana, maana miale ikishapita kioo joto limeshaingia. Mkeka wa mianzi ukining'inizwa nje, kwenye roshani, hufanya kazi kubwa zaidi.

Kangemi na Kawangware hesabu hubadilika. Mabati hayana subira: saa nne asubuhi yanachoma, magharibi yameshapoa. Huko dawa ni kuweka kitu kati ya bati na mtu, iwe dari ya mbao au maboksi yaliyobandikwa ukutani, na kuliacha joto la juu litoke.

Wahandisi wanayajua haya. Jengo la ofisi la Umoja wa Mataifa huko Gigiri, lililofunguliwa Machi 2011 kwa ajili ya wafanyakazi 1,200, halitegemei viyoyozi: hewa yenye joto hupanda katika uwazi wa katikati na kutokea juu, hewa baridi ikiingia kuchukua nafasi yake. Wenye kujenga minara ya vioo kando ya Waiyaki Way wangelitembelea kabla ya kuagiza kioo. Kwenye barabara hiyohiyo, mwaka 2020, mti mkubwa wa mugumo wa Westlands uliponea chupuchupu kukatwa ili kupisha barabara ya mwendokasi, ukaokolewa kwa amri ya rais. Anayengoja matatu chini ya kivuli cha mti kama huo hahitaji kuelezwa thamani yake.

Feni nayo hueleweka vibaya. Haipozi hewa, humpoza mtu kwa kukausha jasho lake, hivyo kuiwasha katika chumba kitupu ni kuchoma tokeni za stima. Ikipuliza kupitia kitambaa kibichi hupoza hewa kweli, kwani alasiri za Februari jijini huwa kavu. Pwani, penye unyevu mwingi, ujanja huo haufui dafu.

Nyumba nyingi za zamani, kuanzia Lavington hadi Woodley, zina vitundu vya hewa juu ya madirisha, vilivyowekwa makusudi ili joto la darini litoke. Mpangaji anayelalamikia joto apande kiti avitazame. Huenda akakuta bado vimezibwa kwa magazeti ya Julai, aliyoyasokomeza mwenyewe wakati wa baridi.