Safari Ndefu ya Pikipiki Peke Yako: Mwili Utaiweza?

Bila shaka umewahi kumwona. Umesimama karibu na Mnara wa Saa hapa Arusha, mara anapita mtu juu ya pikipiki kubwa iliyojaa vumbi, masanduku kila upande, namba za usajili za nchi ya mbali. Yuko peke yake. Akisimama tu vijana wanamzunguka: "Umetoka wapi? Unakwenda wapi?" Wengi wao wako kwenye njia ndefu ya Cairo hadi Cape Town, na wenyeji wa Arusha hupenda kusema kwamba mnara huo ndio katikati ya njia hiyo.

Leo hatuulizi pikipiki yake ni bei gani. Tunauliza: mwili wake unawezaje?

Mzee wa nchi 45

Ted Simon, mwandishi wa habari wa Uingereza, aliondoka London Oktoba 1973 kwa pikipiki aina ya Triumph. Alizunguka dunia peke yake kwa miaka 4, akapita nchi 45, Kenya na Tanzania zikiwemo. Mwaka 2001, akiwa na miaka 69, aliianza tena safari ile ile. Safari hii alivunjika mguu akiwa Kenya. Alipopona, akaendelea.

Kwa hiyo tusidanganyane: hata mzoefu anaanguka. Unachoweza kufanya ni kupunguza hatari ya kuanguka, na kujikinga ili ukianguka usiumie sana.

Mwili unadanganya

Chukua kipande kimoja tu, kutoka mpakani Namanga hadi Arusha, kilometa 110 hivi. Pale Longido jua ni kali. Unatoka jasho, lakini upepo unalikausha palepale, kwa hiyo hujui kama unapoteza maji. Baadaye kichwa kinauma na mawazo yanakuwa mazito. Usingoje kiu. Kipimo rahisi ni mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, maji hayatoshi.

Kisha barabara inapanda mabega ya Mlima Meru, pale Oldonyo Sambu. Mwezi wa Juni au Julai kibaridi chake siyo mchezo, na mwendo wa pikipiki unakuongezea upepo. Vidole vikikakamaa, unachelewa kubana breki. Vaa koti na glavu kabla hujaanza kutetemeka.

Adui mkubwa zaidi ni usingizi. Watafiti wamepima wakaona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya mambo taratibu na kwa makosa, kama mtu aliyekunywa pombe. Sasa piga hesabu. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, ukisinzia sekunde 3 umekwenda mita 50 bila dereva!

Ndani ya basi abiria watapiga kelele, "Dereva, unasinzia!" Ukiwa peke yako hakuna wa kukuambia. Ndiyo maana msafiri mwenye busara anapanga asubuhi, akili ikiwa bado timamu: kila baada ya saa moja na nusu nitashuka, ninyooshe mgongo, ninywe maji. Jua likikaribia kuzama, natafuta pa kulala. Jioni ukishachoka, utajiambia tu, "Bado kidogo, nafika."

Kadi ya njano

Anayevuka nchi nyingi anahitaji pia chanjo ya homa ya manjano. Cheti chake kinaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, hivyo usiikimbilie siku ya safari. Tangu Julai 2016 cheti hicho kinatumika maisha yote. Malaria nayo haijali pasipoti yako. Lala ndani ya chandarua chenye dawa.

Na wewe je?

Labda hata Namanga hujafika. Lakini si unapanda bodaboda kutoka Ngaramtoni au Tengeru kwenda shule? Mwili ni ule ule na lami ni ile ile.

Kofia ngumu inapunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini lazima ikuenee, na ufunge mkanda wa kidevuni. Kofia iliyoning'inia kwenye mkono wa dereva haimsaidii mtu. Na mkipanda watatu, ule "mshikaki", mna kofia ngapi?

Tunajua ni ngumu. Umechelewa namba, wenzako wanakuita upande, na ukikataa watakucheka. Lakini dereva akiwa amekesha kijiweni, macho mekundu, anapiga miayo, una haki ya kusema, "Samahani kaka, mimi nashuka hapa." Kuchekwa kunaisha kabla ya kengele ya mapumziko. Jeraha la ubongo unaweza kuishi nalo maisha yako yote.

Zungumzeni na wenzako

1. Ni nini kinawafanya wanafunzi wa shule yenu wapande pikipiki bila kofia ngumu? Mnaweza kubadilisha nini wenyewe?
2. Rafiki yako anataka kuendesha usiku akiwa amechoka. Utamwambia nini ili akusikie?